Mcheza Kwao Hutunzwa

Makala hii nimeichelewesha. Nilitaka kuiandika mama yangu alipokuwa hai, nikaona haya. Nilitaka kuiandika alipofariki mwaka 2019, nikaona bado mapema. Sasa nimestaafu ualimu, watoto wangu wamekua, na mimi mwenyewe nimeanza kusahau nilikoiweka miwani. Kwa hiyo naandika kabla haijafika zamu yangu.

Ninachotaka kusema ni kifupi. Sisi watu wa Unguja tunazo ngoma zinazoweza kuwarudishia wazee wetu waliopotewa na kumbukumbu japo saa moja ya furaha na heshima katika wiki, nasi tunawanyima saa hiyo kwa sababu ya aibu. Ninaposema "tunawanyima", wa kwanza ni mimi.

Mama alizaliwa katikati ya miaka ya 1930. Alikulia Ng'ambo, akaolewa, akahamia Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba ya dari mbili yenye ngazi za mwinuko mkali. Alikuwa mwanamke wa kazi na wa adabu, hodari wa kushona na mchache wa maneno. Mwaka 2013 alianza kuuliza swali moja mara kumi kwa asubuhi moja. Akatia chumvi kwenye chai. Akanisalimia kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mwaka uliofuata alitoka alfajiri peke yake, akateremka hadi Forodhani kumngoja baba arudi safari, na baba tulikuwa tumemzika tangu 1988. Tulimkuta amekaa ukutani anatazama bahari, kanga imelowa umande. Yeye hakuwa na khofu yoyote. Wenye khofu tulikuwa sisi.

Msomaji anayeijua Unguja hahitaji kuelezwa khofu ile ilikuwa ya nini. Mzee anayetembea usiku huku kwetu hana jina zuri. Jirani mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Bi mkubwa siku hizi anatembea usiku," kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatosha. Hakulitaja neno kuwanga, lakini mtaa mzima ulilisikia. Hospitali tuliyompeleka walitwambia ni uzee tu, tukarudi na vidonge vya usingizi. Mganga tuliyempeleka baadaye alisema ni shetani wa kurithi, tukarudi na kombe. Ndipo ndugu yangu alipokwenda Darajani kununua kufuli.

"Dada," aliniambia, "tumfungie kwa heshima yake mwenyewe."

Nilikubali. Mama yangu alikaa nyuma ya kufuli lile, katika chumba cha juu, karibu miaka miwili. Alilishwa, alioshwa, alifukiziwa udi. Mtu akituuliza hali yake tulisema hajambo, amepumzika. Na tulijiona watoto wema.

Jioni moja ya mwaka 2016 kulikuwa na harusi mtaani. Wanawake walikusanyika chini ya dirisha letu, na baada ya vijana kumaliza yao, wakubwa wakaanza lelemama. Wasioijua niwaambie: lelemama si ngoma ya kurukaruka. Wanawake husimama safu moja wamevaa sare, miguu haiendi mbali, na kazi yote iko kwenye mikono, mabega na shingo. Ni ngoma ya adabu. Zamani ilikuwa na vyama vyake na mashindano yake, na mama alipokuwa msichana aliicheza, jambo nililolijua kwa kusimuliwa tu, kwani sikuwahi kumwona.

Nilikuwa nimekaa naye chumbani. Kwa wiki kadhaa hakuwa ametamka sentensi iliyokamilika. Aliposikia ngoma alisimama. Akaishika kanga aliyojifunga, akaitazama, akasema, "Si hii. Nipe doti mpya." Nikampa. Akajifunga vizuri, mwenyewe, mtu ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemvisha kama mtoto. Akaelekea mlangoni akangoja nifungue.

Nikafungua. Tulishuka ngazi moja baada ya moja. Bibi mmoja wa rika lake alipomwona alisogea, akamwachia nafasi kwenye safu bila ya kuuliza neno. Mama akaingia. Mikono yake ilijua kila kitu. Iliinuka pale ilipotakiwa kuinuka na kushuka pale ilipotakiwa kushuka, na msichana aliyekuwa pembeni yake alipoharakisha, mama alimgeukia akamwambia, "Usiikimbilie, shoga. Isubiri." Alicheza kiasi cha robo saa.

Kisha akaja mtoto mdogo ananivuta nguo. Ndugu yangu alikuwa amesimama mwisho wa kichochoro pamoja na wanaume wenziwe, na ameleta salamu: mama apandishwe juu, watu wanamcheka. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akicheka. Lakini nikampandisha. Usiku ule alilala hadi asubuhi bila ya kidonge, na kesho yake alikula chakula chote. Harusi yenyewe hakuikumbuka. Nami, baada ya kuyaona yote hayo kwa macho yangu, niliufunga mlango kama kawaida.

Hilo la kuufunga mlango ndilo linalonifanya niandike.

Nilianza kusoma kila nilichokipata. Nilijifunza kwamba kilichompata mama kina jina, dimenshia, na kwamba aina yake iliyo kubwa zaidi inaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Ni maradhi ya ubongo. Si laana, si uchawi, wala si uzee, maana wazee wengi hufika miaka 90 na akili zao timamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye maradhi hayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha kati na cha chini kama yetu. Huku kwetu Tanzania, uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu karibu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, ulionesha kwamba takriban 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Basi hesabu mwenyewe wazee wa mtaa wako.

Nilijifunza pia kwa nini mikono ya mama ilikumbuka na ulimi wake ukasahau. Kumbukumbu si kasha moja. Sehemu ya ubongo inayohifadhi habari mpya, nani kaja leo na tumekula nini, ndiyo huliwa mapema na maradhi haya. Lakini yale ambayo mwili umejifunza kwa kuyarudia, kusuka ukili, kushona, kutia udhu, kucheza, yamehifadhiwa kwingine, na mara nyingi hudumu kwa miaka mingi baada ya majina ya watoto kupotea. Muziki nao una njia zake. Kwa hiyo mzee asiyeweza kukwambia leo ni siku gani anaweza kuicheza ngoma ya usichana wake bila ya kukosea. Lile nililoliona kichochoroni halikuwa muujiza.

Sasa nazijua hoja za wanaonipinga, kwa sababu nimezisikia nyumbani kwangu. Nitazijibu moja moja.

Ya kwanza ni kwamba ngoma haitibu. Kweli, haitibu. Hakuna dawa wala ngoma iliyokwisha kuyaponya maradhi haya, na anayewauzia watu uponyaji ni mwongo. Hata ushahidi wa kitaalamu juu ya ngoma kama tiba ya dimenshia bado ni mchache: mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 hayakupata hata utafiti mmoja uliotimiza masharti yake. Uko utafiti wa New York wa mwaka 2003 uliowafuatilia wazee 469 ukaona kwamba wale waliokuwa wakicheza dansi mara kwa mara walipatwa na dimenshia kwa uchache zaidi. Lakini hao walicheza wakiwa wazima, na huenda wenye akili nzuri ndio waliokuwa na nguvu ya kucheza. Hayo yote nayakubali. Lakini nauliza: kuna daktari gani anayedai ushahidi kabla ya kumruhusu mama yako kunywa chai na wenzake? Chakula kizuri hakiponyi dimenshia, na hatuwanyimi. Kuoga hakuiponyi, na tunawaosha. Mama yangu hakuwa akidai kuponywa. Alikuwa akidai doti mpya.

Na tusiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Huko huko Hai, baada ya hesabu ile, wataalamu walikusanya wazee 34 wenye dimenshia katika vikundi vidogo, wakakutana mara 14 kwa mazungumzo, michezo na nyimbo za kwao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionesha nafuu. Hapakuwa na mashine wala dawa ya bei kubwa. Palikuwa na watu, nafasi ya kukaa, na mambo wanayoyajua.

Hoja ya pili ni ya dini. Sina elimu ya kubishana na masheikh wala sikusudii. Lakini mwenye kuona ngoma haimfai mzazi wake asiifanye hiyo kuwa sababu ya kumfungia. Kisiwa hiki kina maulidi ya Homu, ambayo watu hukaa safu moja wamepiga magoti, wakainama na kuinuka pamoja, mikono yao ikienda kama ya mtu mmoja. Kina dhikri. Mzee aliyekulia huko mwili wake unakumbuka huko. Ninachokitetea ni mwili uliozoea kwenda pamoja na miili ya wenzake, na haki yake ya kurudi safuni. Safu ipi, hilo ni lake na la familia yake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo haisemwi wazi: ni aibu. Mtu mzima hachezi mbele za watu. Atachekwa yeye, na tutachekwa sisi.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Tuliyasema hayo wakati Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alipokuwa bado yu pamoja nasi, akipiga ngoma ya unyago na kuimba mbele ya maelfu katika umri ambao hata mwenyewe hakuujua kwa hakika. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX huko Ulaya, na alipofariki Aprili 2013 tulimlilia kama mama wa taifa. Hakuna aliyesema ajifunge kanga yake akae ndani. Kwa nini? Kwa sababu wageni walimpigia makofi. Basi kumbe mzee anaweza kucheza Unguja bila ya aibu, ila kwa sharti kwamba mgeni amelipa kiingilio.

Nenda leo kwenye hoteli za pwani, kaskazini hata mashariki ya kisiwa. Baada ya chakula cha usiku utawaona vijana wanachezeshwa ngoma za bibi zao, zimefupishwa, zimeharakishwa, mara nyingi na mtu aliyejifunza kwa wiki mbili. Siwalaumu vijana, wanatafuta riziki. Lakini mwenye kuijua ngoma ile kikamilifu, aliyeicheza kabla ya Mapinduzi ya 1964, amekaa katika chumba cha uani, mlango umefungwa, na mjukuu wake akirudi usiku kutoka hotelini hupita mlangoni pake kwa kunyata asimwamshe. Mji Mkongwe umeandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Tunahesabu milango ya misumari na kubishana juu ya rangi ya chokaa. Na nyuma ya milango hiyo hiyo tunaowafungia ndio urithi wenyewe.

Mwaka 2020 ilienea kwenye simu picha ya video ya bibi mmoja wa Hispania, Marta C. González, aliyewahi kucheza na kufundisha baleti. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kumbukumbu zimekwisha, anawekewa muziki wa Tchaikovsky, na mikono yake inaanza kupaa. Niliipata video ile kwa watu wanane tofauti, wote wa hapa hapa Unguja, kila mmoja ameweka alama za machozi. Mmoja wao alikuwa yule jirani aliyesema mama yangu anatembea usiku. Nilitaka kumjibu, nikaacha. Namjibu sasa: machozi yale ungeyalia bure hapo hapo mtaani kwako, mwaka 2016, chini ya dirisha letu.

Hoja ya nne ni ya hatari: ataanguka, atapotea, atataharuki. Hii naiheshimu, na nina la kusema kutokana na tuliyoyafanya wenyewe. Miezi michache baada ya harusi ile nilikaa na ndugu yangu nikamweleza niliyoyasoma. Alilia, kisha akakubali. Tulianza na kuwaambia watu. Nilikwenda kwa mwenye duka, kwa wanywaji kahawa wa barazani, kwa vijana wanaocheza karata, nikawaambia mama ana maradhi ya ubongo yanayoitwa hivi, akionekana peke yake tafadhali mshikeni mkono mumrudishe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Miaka miwili tuliyoificha hali yake tulikuwa walinzi wawili tu, mimi na kufuli. Tulipoisema, mlinzi akawa mtaa mzima. Alitoka tena mara nne, na mara zote nne alirudishwa na watu kabla sijajua kuwa ametoka.

Halafu kila Alkhamisi baada ya alaasiri wakaja mabibi wawili wa rika lake, mmoja kutoka Malindi na mwengine kutoka Mchangani. Ukumbini tuliondoa mazulia asijikwae. Mmoja alipiga upatu, mwengine aliongoza, mimi nilisimama nyuma ya mama. Hatukumlazimisha. Ziko siku alikataa, na iko siku nyimbo moja ilimliza, tukaiacha na hatukuirudia tena. Jioni ilipoanza kuingia tulikoma, kwa sababu magharibi ilikuwa saa yake ya wasiwasi. Mwaka 2018 miguu ilikataa kabisa, akawa anacheza amekaa, kwa mikono na mabega. Mwaka wa mwisho zilibaki vidole. Alikuwa ananiita shoga. Mwanzoni iliniuma kwamba hanijui kuwa ni mwanawe, baadaye nikaona kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuniita shoga, na kwamba nimepata urafiki ambao mabinti wengi hawaupati.

Sitaki msomaji adhani Alkhamisi zile zilikuwa tiba ya ajabu. Ijumaa alikuwa mgonjwa kama Jumatano. Lakini kwa saa moja kila wiki mama yangu hakuwa mtu wa kulishwa na kuoshwa. Alikuwa mjuzi, sisi tulikuwa wanafunzi wake, na uso wake ulionesha kwamba anajua hivyo.

Sasa nasema ninachokidai. Sidai jengo wala mradi wenye gari na semina. Tangu Aprili 2016 Serikali yetu ya Mapinduzi inamlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo la kujivunia, maana nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazijathubutu. Mkono uliomfikia kila mzee kwa fedha unaweza kumfikia kwa jambo jengine. Kila shehia ina wazee wake. Kila shehia ina ukumbi, au skuli iliyo tupu jioni, au angalau kivuli cha mwembe. Sheha aite mara moja kwa wiki, wapigaji waje, anayetaka acheze, anayetaka atazame. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zina uwanja, na vikundi vya ngoma havina uchache mjini. Hoteli zinazokula kwa ngoma zetu ziwalipe vijana wale kwenda mara moja kwa wiki kujifunza kwa mabibi, si kuwaburudisha bali kujifunza kwao, hata kwa wale waliosahau majina. Faida itakwenda pande zote mbili.

Na kwako wewe unayesoma hali mlango wa chumba cha juu umefungwa, sina haki ya kukuhukumu, kwa sababu nilikuwa mahali pako. Najua ulivyochoka. Najua unavyoogopa midomo ya watu. Nakuomba kitu kimoja tu: muulize mtu wa rika la mama yako au baba yako, alikuwa akicheza nini ujanani, halafu mpigie, hata kwa kugonga sinia. Tazama mikono yake kabla hujasema kwamba hayupo tena.

Waliotutangulia walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali ile tumeigeuza: mcheza ugenini hutunzwa, na mcheza kwao hupandishwa juu akafungiwa. Mimi nilimpandisha mama yangu juu usiku ule, mbele ya safu iliyomkaribisha, kwa ajili ya kicheko ambacho hakikuwepo. Alkhamisi zilizofuata zilikuwa malipo yangu, na hazikutosha. Kufuli nimelihifadhi kabatini. Wanangu wanajua liko wapi, na wanajua kwamba nikianza kutembea usiku sitaki litolewe.